Msimulizi si balozi wa kundi lake

*"Mwalimu, habari za kazi. Sisi ni watu sita wa kujitolea katika jiji linalokua kwa kasi. Tumejipa kazi ya kurekodi masimulizi ya maisha ya wakazi 40 ili tuwe na maktaba ndogo ya sauti. Ili tusibague, tulitengeneza orodha ya makundi: wenyeji, waliohamia kutoka vijijini, wakimbizi, wafanyabiashara, vijana, wazee, watu wa kila dini, kila kundi lipate watu wawili au watatu. Tumesharekodi 9 kwa simu zetu. Matatizo ni haya. Wengi wanaongea kama wanahutubia mkutano, mambo yao wenyewe hawayasemi. Watu wawili wamesimulia ubomoaji wa mtaa wao kwa miaka tofauti na sababu tofauti, hatujui tumwamini nani. Na mama mmoja aliyetueleza jinsi alivyoingia mjini bila karatasi sasa anaomba sehemu hiyo ifutwe. Mwenzetu anasema alishakubali kwa mdomo kabla hatujawasha simu, kwa hiyo hana tena haki hiyo. Je, tuendelee, tuanze upya, au tatizo ni vifaa?"*

Ndugu msomaji, nianze na huyo mama, kwa sababu mengine yanaweza kusubiri wiki moja na lake haliwezi. Leo hii, kabla hamjakaa kikao kingine, ondoeni faili lake kwenye simu zote na kwenye kundi la ujumbe mlikolipitisha (najua mmelipitisha, kila mtu hufanya hivyo). Libaki mahali pamoja penye nywila, chini ya mtu mmoja. Kisha mwambieni kwamba ndiyo, sehemu hiyo inafutwa, wala asidaiwe sababu.

Mwenzenu anachanganya mambo mawili. Mama alikubali kurekodiwa. Hakukubali, na asingeweza kukubali, maneno ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajajua kama atayasema. Mtu akikaa saa moja na nusu na msikilizaji mwema hufika mahali ambapo hakupanga kufika. Ndiyo uzuri wa mahojiano ya namna hii, na ndiyo hatari yake. Ndiyo maana wazoefu wa kazi hii huomba ridhaa mara mbili: kabla, ridhaa ya kurekodi, baada, pengine wiki mbili tatu baadaye, ridhaa ya kutumia, msimulizi akiwa ameshajisikiliza au amesomewa alichosema. Hapo ndipo anapochagua: wazi kwa wote, wazi bila jina, isikilizwe ndani ya maktaba tu bila kuwekwa mtandaoni, ifungwe mpaka mwaka fulani, au ifutwe. Andikeni chaguo lake kwenye karatasi ya ukurasa mmoja kwa lugha anayoielewa. Asiyejua kusoma asomewe, na ridhaa yake irekodiwe kwa sauti.

Na msiahidi siri msiyoweza kuilinda. Kati ya 2001 na 2006, mradi wa Boston College nchini Marekani uliwahoji watu waliokuwa wapiganaji wa makundi ya silaha ya Ireland ya Kaskazini. Waliambiwa kanda zao hazitafunguliwa mpaka wafe. Mwaka 2011 zilianza kudaiwa kupitia mahakama za Marekani kwa ombi la Uingereza, na baadhi zikaishia mikononi mwa polisi. Waliotoa ahadi ile hawakuwa waongo. Walikuwa wameahidi jambo ambalo mahakama ndiyo yenye neno la mwisho juu yake. Nanyi ni vilevile: amri halali ikija, karatasi yenu ya ridhaa haitamkinga mtu. Kinachomkinga ni kutokuwa na rekodi hiyo, au kumwambia mapema, kabla hamjabonyeza kitufe, kwamba yakitokea mambo yanayoweza kumtia matatani na sheria ni bora yasitajwe.

Kuondoa jina nako watu hukuamini kupita kiasi. Mtaani, kazi ya mtu, mwaka aliofika na idadi ya watoto wake vinatosha kumtambua, na sauti yenyewe ni kitambulisho. Mkiamua kumficha msimulizi, ficheni na vijitambulisho hivyo, au tumieni maandishi bila sauti.

Sasa hotuba. Nadhani hili ndilo linalowakatisha tamaa zaidi, na mnalitafutia dawa kwenye vifaa wakati chanzo chake ni orodha yenu. Nia yake ni njema. Lakini fikirini mtu anavyosikia mwaliko: "Tunakuomba uje uzungumze kwa niaba ya wakimbizi." Tangu dakika hiyo ameshapewa kazi. Anajua nje kuna watu wanaosema vibaya juu ya wenzake, anajua wenzake wenyewe watamsikia, kwa hiyo anaacha kusimulia na kuanza kutetea. Anasema "sisi tunapenda amani", "sisi ni wachapakazi", na mimi binafsi nikishasikia "sisi" mara ya tano najua kosa liko kwenye mwaliko, si kwa msimulizi. Mwenyeji naye mkimwita kama mwenyeji atawapa hotuba ya jinsi jiji lilivyokuwa tulivu kabla wageni hawajaja. Wote wawili hamjawasikia.

Zaidi ya hayo, orodha ya makundi hailindi utofauti kama mnavyodhani. Kila kundi lina watu wanaojulikana kuwa wasemaji wake, na hao ndio watakaoletwa kwenu: mwenyekiti, mchungaji, imamu, mzee maarufu, kijana mwenye kipaji cha kuongea. Mwanahistoria Allan Nevins alipoanzisha kazi ya kurekodi masimulizi katika Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, mwaka 1948, waliohojiwa mwanzoni walikuwa zaidi viongozi na wakubwa wa biashara na siasa. Ilichukua miaka mingi kabla watafiti hawajaanza kwa wingi kuwafuata vibarua, wanawake wa majumbani na wahamiaji. Nyinyi mnaweza kuurudia mwanzo ule ule kwa sura mpya, wakubwa wadogo wa kila kundi, huku mkiamini mmefika chini.

Badala ya kuuliza "nani anawakilisha kina fulani", ulizeni jiji linaendeshwa na nani na saa ngapi. Nani yuko macho saa tisa usiku? Nani analala mchana? Nani amehama nyumba mara nne ndani ya miaka mitatu kwa sababu ya kodi? Nani anaishi ndani ya nyumba ya mwajiri wake na hana mlango wake mwenyewe? Nani alifika miezi sita iliyopita na bado anapotea njia? Nani aliondoka, akachoka na jiji, akarudi alikotoka? Huyu wa mwisho husahaulika karibu kila mara, ingawa anajua kitu ambacho waliobaki hawakijui. Mkifuata nyuzi hizi, dini, asili na umri vitachanganyika vyenyewe, na kila mtu ataitwa kwa maisha yake. Baada ya watu 15 hivi, rudini mtazame: je, wanawake wamo? Wasio na makazi rasmi wamo? Hapo orodha yenu inafaa, lakini kwa kukagua, si kwa kualika.

Jihadharini pia na mnyororo wa "nitakuunganisha na rafiki yangu". Ni njia nzuri na ya haraka, ila mnyororo ulioanzia sehemu moja huzunguka humo humo. Anzisheni minyororo mitano au sita katika pembe tofauti za jiji, na mkatae kuchukua zaidi ya watu watatu kutoka kwa mtambulishaji mmoja. Halafu kuna muda. Mwenye kibarua cha kutwa hawezi kuwapa saa mbili za mchana. Nauli yake na saa alizopoteza ni halali kurudishiwa, mradi kiasi kiwe kile kile kwa wote na kisitegemee alichosema. Wapo wanaopinga kumlipa msimulizi hata senti, wakisema pesa huharibu ukweli. Kwa maoni yangu, kutofidia muda huharibu zaidi, maana huwaacha wenye nafasi peke yao.

Ndani ya chumba, swali la kwanza lisiwe kubwa. "Unauonaje utofauti wa jiji letu?" ni mwaliko mwingine wa hotuba. "Usiku wa kwanza ulipofika, ulilala wapi?" humlazimisha mtu aone chumba, godoro, mtu aliyemfungulia mlango. Maswali ya mahali, vitu, safari na kazi za mikono hufungua kumbukumbu. Maswali ya maoni huileta ile inayokubalika hadharani. Na usimtilie mtu maneno mdomoni. Mwaka 1974 watafiti wa saikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza mwendo wa magari hayo. Wengine waliulizwa kwa kutumia neno la magari "kugongana", wengine neno kali zaidi, kama "kupondana". Walioulizwa kwa neno kali walikadiria mwendo mkubwa zaidi, na wiki moja baadaye wengi zaidi kati yao walisema waliona vioo vilivyovunjika, ilhali havikuwepo. Sasa fikirini tofauti ya kuuliza "walipowafukuza mlijisikiaje?" na "siku hiyo ilikuwaje?" Swali la kwanza limeshatoa hukumu na limeshachagua hisia.

Msiwaharakishe kufika jijini. Utafiti wa kumbukumbu unaonyesha kwamba watu waliovuka umri wa miaka 40 hukumbuka kwa wingi na kwa uhai zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ya maisha yao. Aliyehamia akiwa na miaka 45 atawapa kijiji au mji mwingine kabisa, saa nzima, kabla hajataja jiji lenu. Wahojaji wengi humkatiza hapo. Msimkatize. Jiji linalokua limejaa sehemu nyingine ambazo watu wamekuja nazo, na usipoijua sehemu hiyo hutaelewa kwa nini huyu alichagua mtaa ule, kwa nini hakopi, kwa nini hafungi mlango au anaufunga mara tatu.

Suala la lugha nitalisema kwa kifupi. Msimulizi aongee lugha aliyolilia nayo, au achanganye anavyotaka. Mkalimani asiwe mtoto wake, mume wake wala kiongozi wake. Mume akiwa chumbani na kila jibu likipitia kwake, ombeni kwa heshima muda wa wawili tu. Isipowezekana, andikeni kwenye kumbukumbu zenu kwamba alikuwepo, maana msikilizaji wa kesho lazima ajue.

Kuhusu wale wawili na ubomoaji: mnauliza nani mkweli, na swali hilo lina haki yake, lakini si swali pekee. Katika mji wa Terni nchini Italia, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma aitwaye Luigi Trastulli aliuawa Machi 1949 katika maandamano ya kupinga Italia kujiunga na NATO. Mtafiti wa masimulizi Alessandro Portelli alipowahoji watu wa mji huo miaka mingi baadaye, wengi walimweleza kwamba Trastulli aliuawa mwaka 1953, wakati wa ghasia za kupinga kufukuzwa kazi kwa maelfu ya wafanyakazi. Nyaraka zilikuwa wazi, na watu wale hawakuwa wakidanganya. Kumbukumbu ilikuwa imekihamisha kifo kile hadi pale kilipowaingia akilini: wao 1953 ndiyo iliyowavunja, kwa hiyo damu ikasogezwa huko. Portelli alipata kitu ambacho faili la polisi lisingempa.

Hilo hutokea kwa sababu kumbukumbu haikai kichwani kama kanda ndani ya kabati. Kila mara mtu anapokumbuka huijenga upya, kwa vipande vya zamani na kwa yale aliyoyajua baadaye: alichosimuliwa na jirani, picha aliyoiona, hasira aliyokuja kuipata. Mmoja wa wasimulizi wenu huenda anahesabu mwaka wa ubomoaji tangu alama zilipopakwa ukutani, mwingine tangu tingatinga lilipofika. Mmoja alikuwa na hati, mwingine mpangaji. Kwa hiyo sababu wanazotoa zinaweza kutofautiana na kila mmoja akawa anasema aliyoyaona.

Msiwakutanishe ili wabishane. Hifadhini zote mbili kama zilivyo, kisha tafuteni upande wa tatu: notisi, risiti za kodi, magazeti ya wakati ule, picha za familia zenye tarehe nyuma, ramani za mipango miji. Kwa eneo kubwa lililosafishwa, picha za setilaiti za Landsat zipo tangu 1972. Hazitaonyesha nyumba moja moja, lakini zinaweza kuonyesha mtaa ulipobadilika. Mkipata tarehe, iandikeni pembeni kama maelezo yenu, bila kugusa maneno ya msimulizi. Lakini nisije nikaonekana ninahalalisha kila kitu. Watu hudanganya pia, hasa penye ardhi, fidia au siasa. Msimulizi akimtaja mtu kwa jina kuwa mwizi au muuaji, hiyo si simulizi ya kuweka mtandaoni. Ifungeni mpaka mwanasheria aiangalie, na msijidanganye kwamba "tumemnukuu tu" ni kinga.

Vifaa, kwa kuwa mliuliza. Simu zenu zinatosha. Kinachoharibu sauti kwa kawaida ni umbali na chumba. Iweke simu katika hali ya ndegeni, isogeze karibu na mdomo wa msimulizi, chagueni chumba chenye pazia, kitanda na nguo badala ya chenye sakafu tupu, zimeni feni. Mkiwa na akiba kidogo, nunueni maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo kabla ya kufikiria kamera. Kamera ina thamani yake, ila pia humrudisha mtu kwenye hotuba. Rekodini kwa WAV (aina ya faili la sauti lisilobanwa), kilohezi 48 na biti 24, kama programu ya simu inaruhusu. Saa moja ya chaneli moja huchukua takriban megabaiti 520, kwa hiyo watu 40 wa saa mbili mbili hawazidi gigabaiti 42, jambo dogo siku hizi. Wekeni nakala tatu, mbili kwenye vifaa tofauti na moja nje ya jengo hilo, na mara moja kwa mwaka mfungue mafaili kuona kama bado yanasikika.

Uzito uko kwenye unukuzi. Kuandika neno kwa neno saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne hadi sita kwa mtu aliyezoea, na zaidi pale lugha zinapochanganyika. Saa 80 za sauti ni saa 320 kwa uchache, na nyinyi ni sita wenye kazi nyingine. Hapa ndipo miradi mingi hufia, ikiwa na diski imejaa na hakuna anayejua kilichomo. Kompyuta zinaweza kutoa rasimu, lakini hukosea majina ya watu na ya mitaa, ambayo ndiyo mnayoyahitaji kuliko yote, na kuipandisha sauti ya mtu kwenye huduma ya kampuni fulani ni kuitoa mikononi mwenu. Kwa yule mama, kwa mfano, isingefaa hata kidogo.

Kwa hiyo mna njia tatu. Kubaki na watu 40, kila mmoja mara moja, bila unukuzi kamili, bali fahirisi ya dakika: "dakika ya 12, safari ya treni, dakika ya 31, mwajiri wa kwanza." Au kupunguza wafike 20 na kumwona kila mmoja mara mbili. Au kuwaachia wakazi wahojiane wawili wawili wanaofahamiana, kama ulivyofanya mradi wa StoryCorps ulioanza mwaka 2003 kwa kibanda katika kituo cha treni cha Grand Central, New York, kwa mazungumzo ya dakika 40. Njia hii ya tatu ina joto na haichoshi, ila huruka mambo ambayo wawili hao wanayajua tayari na sisi hatuyajui. Mimi ningechagua 20 mara mbili, pamoja na fahirisi. Mara ya kwanza hupata hotuba hata kwa mhojaji hodari. Mara ya pili mtu hurudi akiwa amekumbuka, amewauliza nduguze, na ameshaona kwamba hamkumuumbua. Namba 40 inapendeza kwenye tangazo, lakini 20 zilizosikilizwa kweli zina faida zaidi kwa mtoto wa shule atakayezitafuta miaka 30 ijayo.

Hizo 9 msizitupe. Rudini kwa kila mmoja na karatasi ya ridhaa ya pili, na kwa wale waliohutubia, anzeni na swali la usiku wa kwanza. Wengine watakataa kurudia, na rekodi zao za sasa zibaki kama zilivyo. Hotuba nayo inaonyesha mtu alichoona lazima akiseme hadharani mwaka huu.

Kuna mambo matatu ambayo barua yangu pekee haiyatoshi. Kwanza, kwa mtu yeyote ambaye hali yake ya ukaazi, ardhi au kesi inaweza kuguswa, onaneni ana kwa ana na mwanasheria kabla ya kuweka chochote hadharani. Sheria za taarifa binafsi na hakimiliki hutofautiana. Uingereza, kwa mfano, hakimiliki ya maneno ni ya aliyeyasema na hakimiliki ya rekodi ni ya aliyeandaa rekodi, kwa hiyo bila maandishi hakuna upande unaoweza kuitumia kwa uhuru. Pili, msimulizi akianza kutetemeka, akipotea katikati ya sentensi, au akisimulia ukatili wa zamani kana kwamba unatokea sasa, zimeni. Msimfariji kwa maswali zaidi. Kaeni naye mpaka atulie, muulizeni nani wa kumpigia, na muwe mmeshaandaa tangu mwanzo jina la mshauri nasaha au kituo cha afya kinachopokea watu wa namna hiyo. Mnukuzi anayesikia simulizi hiyo hiyo mara kumi kwenye vipokea sauti naye apewe nafasi ya kuzungumza na mtu. Tatu, nendeni kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa au maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu kabla hamjarekodi mtu wa kumi. Wana fomu zao za ridhaa, wana aina za mafaili wanazokubali na wasizokubali, na wengi hukataa makusanyo yasiyo na karatasi za wasimulizi, hata sauti zikiwa nzuri namna gani.